Mashine Iliyozimwa Basotu

Mama Samira, jirani yetu mwenye duka la vitenge hapa Katesh, ndiye aliyeniletea habari kwamba Mzee Maximilian ana mwanamke Basotu.

"Mama Eva, wewe si ndiye unamfagilia ofisi? Hujaona?" aliniuliza, mikono kiunoni. "Mara ya tatu hii anapanda basi la Basotu. Kanyoa ndevu, kashika mfuko wa zawadi. Au mzee mzima kaanza uvuvi?"

"Labda ni kazi, mama. Kuna kompyuta ya zahanati kule."

"Kompyuta!" Akacheka mpaka mteja wake akageuka. "Si mnasema anazitengeneza za kule akiwa kakaa hapahapa kwenye kiti? Sasa ni kompyuta gani hiyo inataka anyoe ndevu?"

Hilo la kukaa kwenye kiti lilikuwa kweli.

Tulikuwa tumepanga ua mmoja na Mzee Maximilian. Mimi na mume wangu tulikuwa na chumba cha nyuma, yeye alikuwa na chumba cha mbele, ndiyo ofisi. Mke wake, Mama Judica, alibaki Mogitu na shamba, naye alikuwa anakwenda huko kila mwisho wa wiki. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Kazi yake ilikuwa redio. Alikaa kibandani akiita matrekta, nani kaharibikiwa, nani kaishiwa dizeli. Serikali ilipoyaachia mashamba yale, redio zikanyamaza, na yeye akarudi nyumbani kulima maharage kama watu wengine. Mkoa wetu wa Manyara ulipoanza, ukaja mradi mmoja wa zahanati na kompyuta zilizokwisha tumika kwingine. Wakamtafuta mtu aliyezoea kuongea na watu wa mbali bila kuchoka, wakamkumbuka yeye, wakamwekea kijana wa Arusha amfundishe.

Zilikuwa kompyuta zinazoendeshwa na programu ya Linux. Mwenyewe alikuwa anasema amezipenda kwa sababu hazidai leseni ya kununua, na virusi vya flashi za watu haviziangushi hovyo. Moja ilikuwa mezani kwake, nyingine ilikuwa Basotu, nyingine Getanuwas, na zote ziliongea kwa antena zilizofungwa juu ya milingoti. Aliandika jina la mashine ya Basotu, akaandika na neno la siri, basi yumo ndani yake na kiti chake kipo Katesh. Aliangalia kazi zote zinazoendelea mle, kila moja na namba yake. Iliyokwama aliiua. Siku moja alisema kwenye simu, "Yule aliyekuwa anakula nguvu zote nimeshamuua," na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu, akauacha uji wake mezani na kutoka nje.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilifagia, nikachemsha chai, na Eva alilala ndani ya boksi la kompyuta lililotandikwa khanga. Maandishi ya kwenye kioo sikuyajua. Uso wa Mzee niliujua, na tangu ile mashine ya Basotu ilipozimika, uso ule ulikuwa wa mtu mwingine. Nikimwamkia, anaitikia huku anaangalia ukuta.

Jioni ile ya maneno ya Mama Samira alirudi na basi la mwisho, viatu vimejaa tope. Nikampokea mfuko. Nilikuwa nimemwona asubuhi akiufunga, sukari na mche wa sabuni. Sasa vilikuwa vilevile, hata fundo halijafunguliwa. Nikajisemea kimoyomoyo, mwanaume aliyetoka kwa mwanamke wake harudi na sukari yake.

Kesho yake akaja Kornelia.

Kornelia ndiye aliyefagia zahanati ya Basotu na kushika funguo za chumba cha kompyuta. Sura yake sikuwa naijua, sauti tu, kwa jinsi Mzee alivyozoea kumpigia: "Mama Kornelia, taa ya kijani inawaka? Haya, bonyeza kile kitufe. Asante, mama." Nilijua pia kwamba amesimamishwa kazi. Mkuu wa mradi alifika Basotu akakuta mashine imezimwa, na simu za wanakijiji zimepangwa kwenye soketi za zahanati zinachajiwa. Akasema ni huyu mama amechomoa waya ili achaji simu zake. Mzee alinieleza hayo kwa maneno machache, kisha akaomba chai ambayo hakuinywa.

Mzee alimwona kupitia dirisha anavuka barabara. Akainuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Mwambie sipo," akasema, akaingia stoo, kule kwenye kompyuta mbovu, akavuta mlango.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba Judica nimemkuta?"

"Ametoka."

Kikombe chake kilikuwa bado kinatoa moshi mezani. Nikasimama mbele yake nikikificha.

"Ngoja nipumzike kidogo basi," akasema, akakaa kwenye benchi. Alikuwa mwembamba, kilemba chake kimefuliwa vizuri. Chupa ya samli aliiweka miguuni. "Simu za watu nilichaji, mwanangu, hilo sikatai. Nilishaonywa nikarudia. Lakini ile mashine sikuigusa. Jumatatu nilifungua mlango nikaikuta imelala, na kabla sijamaliza kufagia, mkuu huyo kaingia. Sasa kamati inakaa kesho asubuhi. Wakikubali, ndiyo nimeondoka, na tangu mume wangu afe, watoto wanasoma kwa kazi ile ile."

"Pole, mama."

"Mkuu alimpigia Baba Judica nikiwa nimesimama pale. Alichojibiwa sikukisikia. Lakini mtu huyu namjua, miaka yote hajawahi kuniita bila kuniambia asante. Najua alinitetea. Mwambie aje kwenye kamati, aseme vilevile alivyosema kwenye simu."

Eva alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akashika ukuta, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mlango wa stoo, akaanza kuupiga kwa viganja. "Babu! Babu!"

Kornelia akacheka. "Anamtafuta nani huyu?"

"Panya," nikasema. "Kuna panya mle."

"Huyo panya ana bahati, anaitwa babu." Akamnyanyua Eva, akambusu shavuni, akanirudishia. Akaacha samli. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Niliporudi, Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, vumbi la stoo mabegani. Alifungua madirisha mawili meusi kwenye kioo cha kompyuta, yamekaa ubavu kwa ubavu, na maandishi meupe. Kwangu yalikuwa mapacha.

"Hili ni la mashine ya hapa," akasema. "Hili la Basotu. Kila mstari unapoanza, mashine inaandika jina lake, unaona? Vijana wote niliowafundisha nimewaambia, soma jina kwanza, ndipo utoe amri. Ijumaa ile nilikuwa na haraka ya kwenda Mogitu. Nikaandika amri ya kuzima, nikabonyeza. Hii yangu ikabaki inawaka."

"Ulizima ya Basotu."

"Nilizima ya Basotu."

"Si ungeiwasha palepale, baba?"

"Kuizima kwa mbali unaweza. Kuiwasha, hapana. Ikishazimwa haikusikii tena, inataka mkono wa mtu. Nikampigia Kornelia usiku huohuo, hapatikani. Nikasema basi, Jumatatu mapema atabonyeza na hakuna atakayejua. Mkuu akamtangulia." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Akaniuliza, ni huyu mama na simu zake, sivyo? Nikasema huenda."

"Huenda tu?"

"Neno moja tu. Ningeweza kusema ni mimi, lilikuwa fupi vilevile. Nilimwonea haya mkuu, mimi ninayefundisha wengine. Sasa namwonea haya mwanamke anayeniletea samli."

Nikakumbuka mabasi yale na Mama Samira na kicheko chake. "Kwa hiyo Basotu ulikuwa unakwenda kumwambia."

"Nafika mpaka uani kwake. Namwona anapepeta maharage na watoto. Nageuka."

"Mpigie simu, baba. Mpigie na mkuu."

"Kwenye simu ndiko nilikodanganya. Nikipiga nitadanganya tena, najijua."

Akainama, paji la uso likagusa meza. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Nikaona aibu kumwona hivyo, nikajifanya namfunga Eva mgongoni, nikafungua khanga na kuifunga upya, halafu tena. Nje Mama Samira alikuwa anamwita mteja kwa jina la utani, wanacheka.

Alipoinua kichwa hakunitazama mimi, alimtazama mtoto.

"Mama Eva, nina ombi. Kesho nisindikize Basotu, wewe na huyu. Kamati itakuwa imekaa, na Kornelia yumo. Ukiniona nimefika mlangoni nikasimama, usinisubiri. Ingia wewe, uwaambie kwa sauti kwamba Maximilian yuko nje na ndiye aliyeizima. Nikishasikia limesemwa, nitaingia."