Kitundu kwenye Diski ya Breki

Mume wangu ni mpimaji katika kiwanda cha kusubu diski za breki za magari. Wenzake humwita Nukta Sifuri, maana hata chumvi ikizidi kwenye mboga hutaka kujua imezidi kwa kiasi gani. Anachopima hakionekani. Chuma kikipoa haraka hubaki kimejibana kwa ndani, na diski ya namna hiyo inaweza kupasuka dereva akikanyaga breki mteremkoni. Basi yeye hubandika juu yake kipimo chembamba kama stempu, hutoboa kitundu katikati, na chuma kikilegea pale mashine humwonyesha mkazo ulikuwa kiasi gani.

Kaka yangu alikuwa upande wa tanuru. Kazi yake ilikuwa kuziacha diski zipoe ndani ya kalibu za mchanga hadi kesho yake, ndipo azitoe. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa na haraka ya kitu, hata ya kuoa.

Mwezi mmoja vipimo vikapanda, diski baada ya diski. Meneja alipouliza sababu, mume wangu alisema huenda zinatolewa mapema. Kaka aliapa mpaka sauti ikamkauka, lakini mbele ya tarakimu za shemeji yake hakuwa na pa kushika. Akafukuzwa.

Wiki tatu baadaye mume wangu alirudi akaketi jikoni bila kuvua viatu. Ncha ya drili ilikuwa butu, akaniambia. Ncha butu husukuma chuma badala ya kukikata, na mashine huhesabu hata huko kusukuma kuwa ni mkazo. Alikuwa ameweka ncha mpya, akapima tena diski zilezile. Zote nzima. Kiwandani walishaanza kusema vipimo vimeshuka kwa kuwa kaka ameondoka.

"Umemwambia meneja?"

"Nikimwambia natoka mimi. Tutakula nini hapa?"

Nilimchukia palepale, na nikajichukia nilipompakulia chakula.

Jumapili kaka akaja, amekonda, shati linamning'inia. Alikuwa na neno na mume wangu.

"Shemeji, nimefikiri sana. Labda kweli nilizitoa mapema. Umri huu mtu husahau. Usiniwekee kinyongo kwa maneno niliyokutolea."

Mume wangu alimpa mkono, akasema yamekwisha. Kisha kaka akanigeukia mimi, dada yake wa tumbo moja, akaniuliza kama nami nimemsamehe. Nikamjibu nimemsamehe.