Kwenda Tororo Kuulizia Kifo cha Ouma

Niliondoka nyumbani Busia kwa sababu ya mama yake Ouma. Tuliporudi bila mwanawe kutoka vita vya Bama, kule Asia tulikopigana na Wajapani, mimi ndiye niliyemwambia amekufa. Kwa neno langu ukoo ulizika mgomba mahali pa maiti, kama tunavyomfanyia mtu aliyefia mbali. Mwezi huu mama huyo anaumwa, na aliniuliza tena, "Mwanangu, ulimwona kwa macho yako?" Nikajibu ndiyo. Halafu nikajaribu kukumbuka sura ya Ouma akiwa amekufa, sikuipata.

Asubuhi nilivuka mpaka kwa baiskeli. Askari wa kizuizi cha mpakani aliuliza nakwenda wapi. Nikasema kuonana na wenzangu wa vitani. Akacheka, "Vita gani, mzee? Sisi tuko na uhuru." Simlaumu, wakati ule alikuwa mtoto. Barabara ilikuwa vumbi tupu, pamba kulia na kushoto. Tangu saa nne mwamba wa Tororo ulionekana mbele, na kila nikikanyaga naona uko palepale.

Saa saba nilifika. Sajini wetu Emojong na Koplo Othieno walikuwa wamekaa kwenye majani chini ya mwamba wakinisubiri, katikati chungu cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Watatu pamoja hatukuwa tumeonana tangu Bama.

"Simama wima!" Sajini akafoka.

Nikasimama. Baiskeli ikaanguka.

"Afande, angalia tumbo yake," Othieno akasema. "Huyu nakula Kenya yote!"

"Na wewe meno yako yako wapi?" nikamuuliza.

"Nilisahau Bama."

Tulicheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu, siwezi kukana. Ndipo nikauliza: siku ile tuliporudi nyuma kuvuka mto, nani alimwona Ouma amekufa? Nilimwambia mama yake nimeona, lakini kweli ni kwamba niliambiwa na Sajini.

Sajini akatoa mrija mdomoni. "Mimi sikuona. Othieno ndiye alileta habari."

Othieno akanigeukia. "Mimi nakuta wewe nalia pale mtoni," akaniambia. "Nikajua Ouma amekwisha."

Nililia siku ile, ndiyo. Nililia kwa woga, kabla sijaambiwa lolote.

Hakuna aliyekunywa tena. Niseme haki: hakuna aliyedanganya kwa kusudi, na risasi zilikuwa nyingi, hata Sajini asingeweza kuturudisha kumtafuta. Yeye alisema, "Usimwambie mama. Acha yeye na kaburi yake." Othieno akasema nimwambie. Niliwaacha wakibishana, nikalala kwa Othieno.

Kesho yake, njia nzima, nilitafuta maneno mazuri. Sikupata, labda kwa sababu ya elimu yangu ndogo, labda hayapo.

Saa tisa nilikuwa Busia, kando ya kitanda cha mama yake Ouma. Nikamweleza yote: sisi watatu, hakuna aliyemwona amekufa. Hakulia wala hakunitukana.

"Mlipoondoka, mlimwita?"

"Hapana, mama. Tulikatazwa kutoa sauti."

"Kwa hiyo hakujua mnaondoka."

"Sijui, mama."

Neno hilo moja, sijui, ndilo nililolipata safarini, na lilipasa kuwa jibu langu la kwanza kabisa. Mama akageukia ukutani. Akaanza kumwita Ouma yeye mwenyewe, polepole, kwa jina alilokuwa akimwita akiwa mtoto.