Usiushukuru Mche

Jirani wa Lurline, bibi mmoja wa hapa Georgia, Marekani, ana udongo kwenye kucha hata Jumapili kanisani. Anachopanda hukigawa, kwenye makopo ya kahawa, huku akiimba pambio puani. Leo ameleta mche wa waridi aliloachiwa na marehemu mama yake. Umebaki huo mmoja tu. Lurline ameutamani tangu alipoolewa mtaani hapa.

"Ahsante sana, bi..."

"Koma, mwanangu! Mche ukishukuriwa unakufa!" Bibi akalinyakua kopo, akalificha nyuma ya sketi. "Haya, sema jingine."

Lurline akababaika. "Bibi, kwa kweli... mche wenyewe umekonda, halafu una sura mbaya."

Bibi akacheka mpaka ufizi ukaonekana, akamkabidhi kopo. "Hapo sawa. Huo utashika."