Nyuzi Sita za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi miwani. Kutwa yuko dukani anasaga vioo na kuwaeleza watu wazima kwamba kile wanachokiona juu ya kibao si kiti, ni herufi. Akirudi nyumbani kwa Bibi, yaani mama yake, habadilishi hata viatu. Anapita sebuleni kwa kunyata, anaingia chumba cha nyuma, anafunga mlango, na haupiti muda unasikia mlio kama wa nyuki aliyemeza pikipiki.

Humo ndimo inamokaa mashine yake ya kuchonga mbao. Ameiunda mwenyewe kwa miaka miwili: meza nzito ya chuma, kisu chembamba kinachozunguka, mota tatu za kukisogeza, na kompyuta kuukuu inayoziambia mota zikipeleke wapi. Ukimuuliza kama ni ya biashara, anakataa. Ya nini basi?

"Ya raha yangu. Wengine wana paka."

Aliyeiharibu raha hiyo ni jirani. Nyuma ya ukuta wetu yupo fundi wa kuchomelea mageti, mtaa mzima unamwita Cheche. Kila alipochomelea, vurugu za umeme wake ziliingia kwenye nyaya za Shangazi, na mota zikadhani zimepewa amri na kompyuta. Kisu kinaruka! Ndivyo yalivyolikuta kabati la Bibi. Shangazi alikuwa ameomba mlango mmoja wa kabati hilo auchonge ua la petali nane. Bibi akakubali shingo upande. Petali ya tano, Cheche akaanza kazi, na ua likaota mkia.

"Hili ni ua au mjusi?" Bibi akauliza.

"Ni ua, Mama. Ila lina… lina upepo kidogo." Shangazi akavua miwani na kuanza kuifuta. Akidanganya lazima aifute.

Bibi akatoa hukumu papo hapo. Mlango wa pili wa kabati upo. Binti yake atajaribu mara moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiharibika na huo, lile lidude linatoka, anapewa Cheche, ambaye alikuwa anaimezea mate ile meza ya chuma tangu siku ya kwanza, na chumbani inaingia cherehani ya Bibi. Miaka miwili kuning'inizwa kwenye ua moja! Siku mbili nzima Shangazi alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Siku ya tatu akaja na fungu la nyuzi nyembamba zinazong'aa, mfano wa nywele za jini. Alikuwa amezipewa na saluni moja iliyokuwa inabomoa dari yake ya vinyota vya kuwaka. Nikamuuliza ndio nini.

"Faiba," akasema. "Ule waya wa zamani ni shaba, ndiyo maana unadaka umeme wa Cheche. Huu ni plastiki. Umeme hauujui. Unapitisha mwanga tu."

Kwa hiyo amri za kompyuta zingesafiri kwa kuwaka na kuzima. Upande huu taa ndogo, upande wa pili jicho dogo la kupokea, mwanga ukifika jicho linaiambia mota ipige hatua. Kila mota ingepata nyuzi mbili, mmoja wa kuhesabu hatua na mmoja wa kusema iende upande gani. Mimi niliushika mmoja nikaelekeza ncha yake dirishani, na ncha ya pili, mita mbili mbali, ikawaka kama punje ya nyota. Nilifanya hivyo kama mara thelathini mpaka nikanyang'anywa.

Ncha zote alizing'arisha dukani, kwa karatasi ileile ya kung'arishia vioo, saa ya kazi. Bosi wake akamkuta.

"Hiyo ni miwani ya nani?"

"Ya mteja mmoja mwembamba sana, bosi."

Yale macho ya kupokea akayafunga ndani ya kopo la plastiki, lile la kubebea chakula, jeupe unaona mpaka ndani. Nikamwuliza kwa nini asiweke kwenye boksi la bati.

"Nisizione nyuzi zikiwaka? Nimehangaika wiki nzima halafu nijinyime utamu?"

Wiki nzima akajaribu, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya moshi wa Cheche. Cheche akachomelea, mashine ikachora duara baada ya duara bila hata kushtuka. Shangazi akacheza peke yake katikati ya maranda.

Jumamosi ikafika. Bibi akaingia na kiti chake, akakohoa mara tatu.

"Fungueni dirisha. Mnataka kunizika humu?"

Dirisha linatazama moja kwa moja ua wa Cheche. Na Cheche mwenyewe alikuwa amesimama pale na mkokoteni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mkokoteni wa nini?"

"Napita nao tu, Bibi."

"Unapita nao wapi, mbona umeuegesha?"

Cheche akachekea kooni, akavaa kinyago chake na kuliinamia geti. Kwa bahati Shangazi alikuwa ametandika karatasi juu ya mlango na kufunga penseli mahali pa kisu, afanye zoezi kwanza. Penseli ikachora petali ya kwanza, ya pili. Kule nje ukawaka mwanga wa buluu, traaa! Penseli ikaruka.

"Mjusi amerudi," Bibi akasema. "Na mkia wake."

Cheche akainua kinyago. "Dada, nianze kubeba meza au mota?"

Shangazi akainamia meza. Alikuwa amelikodolea macho lile kopo.

"Jirani, choma tena."

"Nichome nini?"

"Chochote!"

Akachoma, penseli ikaruka. Shangazi akafunga dirisha. "Choma!" Penseli ikatulia. Akafungua. "Choma!" Ikaruka. Hapo akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mama, umeme hauingii! Unaoingia ni mwanga wake. Unapenya kwenye kopo, macho yanadhani ni amri. Na mimi, nauzia watu miwani ya jua kila siku, haya ya kwangu nimeyaacha wazi!"

"Ina maana unataka dirisha lifungwe?"

"Tukilifunga tu—"

"Halifungwi. Nina kifua." Bibi akageukia dirishani. Akamtazama Cheche, aliyekuwa ameshashika mpini wa mkokoteni. "Nileteeni mwavuli wangu mweusi."

Akaufungua mwenyewe, humohumo ndani, akaliziba kopo lote. "Haya, wewe! Choma sasa."

Shangazi akafunga kisu, akatoa karatasi. Hakukuwa na zoezi tena. Cheche naye hakutuonea huruma: alimaliza geti, akachomelea mguu wa benchi, akachomelea mpini wa ndoo, mwisho akawa anachomelea vipande viwili vya chuma visivyo na kazi yoyote duniani. Dakika arobaini. Bibi akibadilisha mkono, akigoma kupokewa.

"Niache. Utautikisa."

Kisu kilipoinuka, Shangazi akapuliza unga wa mbao. Bibi akapitisha kidole kwenye kila petali akihesabu kwa sauti. Nane. Akarudia kuhesabu kutoka upande wa pili, akitafuta kosa. Nane.

"Cherehani imezoea sebuleni," akasema, akakunja mwavuli na kutoka.

Shangazi akakaa chini palepale kwenye maranda. Cheche akaingiza kichwa dirishani, sauti imelainika.

"Dada, hivi unaweza kunichongea jina la karakana yangu?"

"Naweza. Ila siku hiyo usichomelee kitu."

"Atachomelea!" Bibi akapaza sauti kutoka ukumbini. "Mkono nimeshauzoesha."