Ruksa ya Kupepeta

Hapa Kilole hupepeti maharage bila ruksa ya rubani mstaafu. Tangu daktari aupime moyo wake na kumkataza kurusha ndege, mkono wa shati lake jeupe la kazi umetundikwa kwenye mlingoti uani kuonyesha upepo. Akimwona jirani na ungo, hulamba kidole, hukiinua, kisha hutangaza kwa sauti ile ile aliyowatangazia abiria: "Subirini kidogo. Upepo unatoka Kerenge na haujatulia." Nao husubiri, kwa heshima tu.

Jana Hafsa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alichoka. Mawingu yalikuwa yanajikusanya.

"Shikamoo, mzee. Mimi leo napepeta."

"Marahaba. Ruksa sijatoa."

"Basi pepeta mwenyewe!" Akamkabidhi ungo.

Mzee akaushika kwa mikono miwili, akatanua miguu, akayarusha maharage juu. Kumbe kweli upepo haukuwa umetulia: makapi yote yakamrudia usoni, yakamjaa masharubuni. Hafsa, asije akamcheka mtu mzima, akainamisha macho. Ndipo akaona kwamba maharage yalikwisha kutua unguni, lakini visigino vya mzee vilikuwa bado hewani.