Mama Hakumaindi

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Baba akaona bora ageuze ghala letu kuwa vyumba viwili vya wageni. Nyumba yetu iko Marangu, kando ya njia iendayo kwenye maporomoko ya maji, na wazungu walikuwa wakipita hapo kila siku. Nilikuwa nyumbani nikingoja matokeo, kwa hiyo nikawa mkalimani.

Shuleni tulifundishwa kwamba mind ni akili, basi. Wageni walipoanza kuja neno hilo likanishinda. Fundi alimwandikia baba kibao cha kuwaonya wageni wasijigonge, mind your head, tukakitundika juu ya mlango mfupi, nami kila nikikisoma naona akili na kichwa vimewekwa pamoja bila sababu. Mgeni mmoja alimwaga chai, nikakimbilia kitambaa, akasema never mind, akinipungia mkono niache. Nikabaki nimesimama nikiwaza ni akili ya nani imekosekana. Mwingine aliagiza mtori, supu yetu ya ndizi, kisha akasema amebadili mind, anataka mayai. Huyo angalau nilimwelewa.

Msimu wa kuchuma kahawa akaja mama mmoja wa makamo na mumewe. Mume alipanda mlima na wapagazi, mke akabaki kwetu kwa sababu ya goti. Alikuwa mpole. Alijifunza kusema shikamoo akawa anamwamkia mama kila asubuhi, ingawa mgeni ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na mama aliona haya kuitikia marahaba.

Siku ya pili alitukuta kihambani, shamba letu la chini ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, mimi na mama tukichuma. Akauliza, "Do you mind if I help you?"

Nilisikia help, nikamwambia mama kwamba mgeni anaomba kutusaidia. Mama alifurahi. "Mwambie ndiyo, karibu sana."

Nikageuka nikasema, "Yes. Yes, very much."

Uso wake ukawa mwekundu. Akasema sorry, akarudi nyuma, karibu akanyage mfereji, akaenda zake chumbani. Mama alibaki na ndoo mkononi. Aliniuliza nimesema nini, nikamwambia nimesema alichonituma. Jioni alimwambia baba kwamba pengine yule mama aliona mikono yetu imechafuka, akabadili nia.

Kuanzia hapo mgeni alikaa kwenye benchi uani na kitabu chake. Mama alimpelekea chakula, akala, akashukuru, lakini shambani hakukanyaga tena. Shikamoo aliisema kwa sauti ndogo. Nyumba ikawa nzito, wala hakuna aliyejua kosa liko wapi.

Kaka yangu, aliyekuwa akiuza kwenye duka la vipuri Dar, alikuja likizo. Baba alikuwa amemwagiza pampu ya dawa ya kahawa, naye akafika mikono mitupu.

"Mzee, usimaindi," alisema. "Nitaituma kwa basi."

Baba aliuliza hiyo kumaindi ni kitu gani. Kaka akamweleza kuwa ndivyo watu wa Dar wanavyosema, maana yake asichukie.

Nilikuwa nakoroga uji. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikamfuata mama kihambani nikamweleza yote: mgeni alikuwa ameuliza kama tungechukia akitusaidia.

Mama aliweka ndoo chini. "Kwa hiyo mimi nilimjibu kwamba nachukia sana?"

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Alijifuta mikono kwenye kanga, akapanda hadi uani, nami nikamfuata nikitunga maneno ya Kiingereza ya kuomba radhi. Hakuyahitaji. Alisimama mbele ya benchi, akamshika yule mama mkono, akasema, "Twende."

Mgeni alinitazama. Nikasema, "She does not mind." Alifunga kitabu akainuka.

Alichuma siku hiyo na zilizofuata. Alichanganya mbichi na zilizoiva, na mama alizitoa mbichi moja moja. Walizungumza, kila mmoja kwa lugha yake, na mara nyingi walicheka kabla sijatafsiri.

Mumewe alishuka mlimani midomo imepasuka kwa baridi. Alimkuta mkewe katikati ya mibuni, vidole vinanata kwa maji matamu ya kahawa mbivu, akamwambia gari linawasubiri. Mkewe alimjibu kwamba ndoo haijajaa.