Njuga za Bibi Kwenye Mpira wa Pete

Kila nikitaka kusimulia hili huwa naziba uso kwanza, kwa hiyo mniache nizibe, halafu tuendelee. Kule shuleni kwetu, karibu na Mtinko, wapo wanaoniita Bibi Njuga mpaka leo, na ukiwauliza sababu watacheka kabla ya kukujibu.

Chanzo ni kanuni. Mkuu wa shule alitangaza mstarini kwamba kila mwanafunzi atakuwa na shughuli moja tu, na atakayekutwa kwenye mbili ataondolewa zote mpaka mwaka uishe. Mimi nilikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete, na mpira naupenda, lakini ngoma naipenda mpaka miguu inawasha, basi nikaanza kunung'unika palepale mstarini, sikioni mwa rafiki yangu Zaituni, na sikuacha muhula mzima, bwenini, kwenye foleni ya ugali, kisimani, popote penye mtu wa kunisikiliza. Zaituni ndiye aliyepangiwa ngoma, na Zaituni (mwenyewe anajua) akicheza anafanana na mtu aliyekanyaga siafu.

Siku ya michezo ilipofika, shule jirani wamekuja, wazazi wamejaa, nikamwambia, "Leo nacheza mimi badala yako. Si mnapakwa chokaa usoni? Nani atajua?"

"Na mechi yako?"

"Ni baada ya ngoma. Navua, nanawa, naingia uwanjani."

"Salome, tutafukuzwa sisi," akasema, huku ananivisha shanga zake haraka haraka.

Njuga nilikuwa nazo, nilipewa na bibi yangu. Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Njuga hizo ni vikengele vya chuma vilivyoshonwa kwenye mkanda wa ngozi ya mbuzi. Ngozi ikiwa kavu haishiki mguu, kwa hiyo unailoweka kwanza ilainike, ndipo unafunga. Bibi alinifundisha hivyo likizoni, kisha akaendelea kuongea, ila mimi nilikuwa nimeshaanza kucheza.

Nililoweka, nikafunga, nikaingia. Jamani, nilicheza! Vumbi lilipanda, akina mama wakapiga vigelegele, na mkuu wa shule akasimama kwenye kiti chake anapiga makofi, "Zaituni! Zaituni! Kumbe unaweza hivi!"

Nikatoka mbio hadi nyuma ya jiko, nikanawa uso, nikainama nivue njuga. Hazivuliki. Jua na upepo wetu wa Singida vilikuwa vimeikausha ile ngozi mpaka imenibana kama imeota mguuni. Zaituni alivuta kwa mikono, akavuta kwa meno.

"Hii imekuwa mfupa," akasema.

"Kata!"

"Nikate njuga za bibi yako? Kamwambie mwingine."

Filimbi ikalia uwanjani. Zaituni akaazima soksi ndefu za wavulana wa mpira wa miguu, tukasokomeza matambara katikati ya vikengele ili visilie, nikavuta soksi hadi magotini. Miguu ikawa kama magunia ya alizeti.

"Umefanya nini miguu?" akauliza mwalimu wetu wa michezo.

"Nimeumwa na nyuki, madamu."

"Miguu yote miwili?"

"Walikuwa wengi, madamu."

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha tambara moja likachomoka, upepo ukalipeleka hadi kwa wageni, likafuata la pili, na kila nikikimbia ikawa cha-cha-cha, nikisimama kimya, nikikimbia cha-cha-cha. Beki wa shule jirani akawaambia wenzake, "Huyu hata nikifumba macho namkaba."

Bado ningeweza kuvumilia, lakini wapiga ngoma walikuwa wamekaa pembeni na ngoma zao mapajani, na mpiga ngoma akisikia njuga mikono yake haimwombi ruhusa. Mmoja akagonga kidogo. Wenzake wakajibu. Na mimi nimeshika mpira, mahali ambapo kanuni ya mchezo inasema usitembee nao, miguu yangu ikaitika! Refa akapuliza, "Hatua!" Nikaendelea. Akapuliza tena. Akina mama wakaanza vigelegele upya.

Mkuu wa shule, aliyeitambua miguu ile ya ngomani, akasimama, akaita kwa sauti kubwa, "Zaituni!"

Na Zaituni wa kweli, mtoto aliyelelewa vizuri, akaitika kutoka kwenye ndoo ya maji ya wachezaji: "Naam, mwalimu!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama, kisha ukageuka kunitazama mimi. Nikatolewa. Timu ilishinda bila mimi, na hilo bado linaniuma.

Ofisini, tulikoitwa mimi na Zaituni, nililia, maana nilijua nimepoteza vyote viwili. Mkuu wa shule alikuwa anajizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika.

"Kabla ya kanuni hii," akasema taratibu, "kulikuwa na wachache wanaoshika kila kitu, na wenzao kazi yao kuwapigia makofi. Ulilijua hilo?"

"Hapana, mwalimu."

"Na siku ile nilimalizia kwa kusema asiyeridhika aje ofisini tuzungumze. Mbona hukuja?"

Zaituni akanigeukia. "Hapo ndipo ulipokuwa unaninong'oneza!"

"Na wewe Zaituni," akauliza mkuu, "ulitaka shughuli gani?"

"Kuku, mwalimu. Kufuga kuku." Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi rafiki yake.

Basi Zaituni akahamia kwenye kuku siku ileile. Nafasi yake ya ngoma nikapewa mimi, pamoja na mpira wangu, hadi atokee mwingine anayeitaka, na adhabu yangu ikawa kusafisha banda la kuku hadi muhula uishe, chini ya usimamizi wa Zaituni (ambaye, niwaambie, ni msimamizi mkali).

Lakini kwanza niliketi nje ya ofisi, miguu ndani ya beseni la maji, nikisubiri ngozi ilainike, na kila aliyepita aliinama kwa adabu: "Shikamoo, Bibi Njuga."

Likizoni nilimsimulia bibi. Alicheka hadi akashika ukuta. "Si nilikwambia uvue zikiwa bado mbichi?"

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akinieleza jambo, miguu yangu inasubiri mpaka amalize.